Mama Aliyecheza Kwenye Muvi Iliyowatukana Watu Wake

Mashabiki wa muvi za zamani wanaijua The Birth of a Nation kwa mambo mawili. Kwanza ni ya mwaka 1915, bubu mwanzo mwisho, inapita saa 3, na D.W. Griffith aliitumia kuonyesha kwamba sinema inaweza kuwa kitu kikubwa. Pili ni ile aibu yake: Ku Klux Klan ndio mashujaa, na mwaka huohuo kundi hilo likafufuliwa kule Georgia. Hayo yameshasemwa sana. Wanaosahaulika ni watu weusi waliokuwemo ndani yake.

Maana walikuwemo. Ila cheki walivyopangwa.

Stori ni ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, na miaka iliyofuata. Kwenye vita halisi wanaume weusi karibu 180,000 walivaa sare za jeshi la Kaskazini, wengi wao wametoka utumwani juzijuzi tu. Griffith akawageuza wahuni wa kuvunja nyumba za watu. Halafu wahusika weusi wakubwa wote, jamani, ni wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni! Gus, yule askari anayemkimbiza binti wa kizungu mpaka binti anajirusha kwenye jabali, ni Walter Long, mzungu. Silas Lynch, chotara anayetaka kumuoa Lillian Gish kwa lazima, ni George Siegmann, mzungu. Hadi yaya wa nyumbani ni mzungu kajipaka. Na ukiitazama leo unaona kabisa kuwa ile ni rangi tu, wala si ngozi.

Griffith alijitetea kwamba walipima kila kitu wakaamua nafasi kubwa asipewe mtu mweusi. Kwa lugha ya mtaani: mwanaume mweusi asimshike mwanamke wa kizungu hata kwa kuigiza. Weusi wa kweli wakabaki kuwa watu wa nyuma, shambani na kwenye umati, bila jina.

Mmoja wao ni Madame Sul-Te-Wan. Alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1873, akaitwa Nellie, mama yake akiwa mfua nguo. Mume alimkimbia kule California akamwachia watoto watatu wa kiume. Aliposikia Griffith anatengeneza muvi, alimfuata mwenyewe kuomba kazi. Inasimuliwa alianza na dola 3 kwa siku, zikapanda hadi 5. Kwenye muvi unamuona kidogo tu, anamkejeli mzee wa kizungu aliyekamatwa. Ukipepesa macho umemkosa.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika, na wengine humuita msaliti. Chama cha NAACP kilipambana muvi izuiwe, na kule Boston mwanahabari William Monroe Trotter akakamatwa na polisi kwenye vurugu za kuipinga. Watu wanalala rumande kwa sababu ya hii muvi, wewe ulichukua hela yake. Hoja nzito hiyo. Lakini watoto watatu wanakula nini? Kama angekataa, Griffith angempaka rangi mzungu mwingine, muvi ingetoka vilevile, na nyumbani kwake sufuria ingebaki tupu. Kumlaumu yeye kabla ya mwenye kamera ni uonevu.

Tena hakuwa mtu wa kunyamaza. Muvi ilipotoka na kelele kuanza, alifukuzwa kazi, akituhumiwa kuiba kitabu cha msanii wa kizungu na kuwachochea weusi waandamane. Akatafuta mwanasheria, akarudishwa. Mwanamke mweusi, mwaka 1915, anabishana na studio na anashinda. Hiyo peke yake ilistahili muvi nzima.

Baada ya hapo alifanya kazi Hollywood miaka na miaka, mara mtumishi, mara mwanakijiji. Hata kwenye King Kong ya 1933 yumo, kati ya watu wa kisiwani. Mwaka 1954 ikatoka Carmen Jones, waigizaji karibu wote weusi, weusi wa kweli, staa akiwa Dorothy Dandridge. Bibi wa Carmen kwenye muvi hiyo ni Madame Sul-Te-Wan, akiwa na miaka 81. Majina ya waigizaji yanapita kwenye skrini. La kwake halimo.