Nilivyowafungia Mlango Wakulima wa Mtama

Nakiri kwamba zabuni ya chakula cha shule moja ya bweni hapa Dodoma, niliyoiandaa nikiwa afisa ununuzi, iliwatupa nje wakulima wa mtama kabla hawajataja hata bei. Hakuna aliyeniagiza. Kwenye maelezo ya bidhaa niliandika "unga wa sembe", nikaongeza kwamba mzabuni alete mzigo wa muhula mzima kwa mkupuo mmoja, kisha asubiri malipo hadi fedha zitoke. Yote niliyanakili kutoka nyaraka za mwaka uliotangulia.

Kikundi cha wakulima kutoka Chamwino kilikuja na sampuli ya mtama mweupe aina ya Macia, umepepetwa ukapepeteka. Nikawajibu kwamba mtama haumo kwenye zabuni. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo niliitengeneza mimi. Wakamwuzia mlanguzi kwa bei aliyoitaka yeye. Sisi tukapokea sembe ya mbali, nauli yake ikiwa ndani ya bei.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida si nyingi. Mahindi huungua mara kwa mara. Mtama na uwele huvumilia. Mimi mwenyewe nimekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo, hapa hapa mkoani, wanashughulika na mbegu za mtama.

Wala sheria haikunizuia. Sheria ya Ununuzi wa Umma inawapa upendeleo wazalishaji wa ndani, na taasisi zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini upendeleo humfikia aliyeingia kwenye zabuni. Bidhaa isiyotajwa haipendelewi na yeyote.

Nilijitetea kwamba wanafunzi wangeukataa mtama. Sikuwauliza. Hata mpishi sikumuuliza kama walau uji wa asubuhi ungewezekana.

Wakulima wale nawaomba radhi. Nanyi maafisa wenzangu, mtama huvunwa karibu na Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Andikeni "unga wa mtama au wa mahindi", gaweni mzigo katika mafungu ambayo kikundi cha kijiji kinaweza kuyabeba, na mkulima akishapakua magunia, mlipeni.