Kabla Hujapakia Faili ya Manukuu

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniarifu kwamba filamu yenu kuhusu wachuuzi wa ng'ombe wanaotoka huko Namanga kwenda soko la Bissil imekamilika, na kwamba manukuu umeyaandika kwa mkono wako na sasa unataka kuyapakia kwenye huduma ya mtandaoni. Hongera sana. Ila kabla hujayatuma, msikilize mjomba wako, kwa maana kazi hii ndiyo niliyoifanya katika vyumba vya uhariri hadi nikastaafu.

Huduma hizo hupokea ulichowapa, hazikisii ulichokusudia. Katika faili ya SRT kila nukuu ina namba yake, mstari wa muda, maneno yenyewe, kisha mstari mtupu. Muda huandikwa hivi: 00:01:05,200 --> 00:01:07,900. Ile koma usiigeuze nukta. Nukta ni ya WebVTT, aina nyingine ya faili ya manukuu, ambayo nayo hudai neno WEBVTT katika mstari wa kwanza kabisa. Ukisahau mstari mtupu, nukuu mbili zaweza kuungana, na namba na saa zikaonekana kwenye skrini kana kwamba mzee wa watu ndiye aliyezitamka.

Usiandikie kwenye Word. Mshale ule wa vistari huugeuza kuwa alama nyingine, na kiritifaa hukipinda. Filamu yako imejaa ng'ombe, mwanangu. Kiritifaa kilichopinda kikisomwa kwa usimbaji usio wake, mtazamaji ataletewa ngâ€™ombe, tena dakika baada ya dakika. Tumia programu ya maandishi matupu, uhifadhi faili katika usimbaji wa UTF-8. Wazee wanaposema Kimaasai, nawe ukakiandika kwa herufi kama ŋ na ɔ, usimbaji huo ndio utakaozilinda.

Muda uanzie sufuri. Picha za televisheni mara nyingine huhesabiwa kuanzia 10:00:00, na ukiziiga hivyo hivyo, filamu itakwisha bila nukuu hata moja kutokea. Tena uliza picha ina fremu ngapi kwa sekunde. Televisheni zetu hurusha 25. Ukipima muda kwenye nakala ya fremu 24, kisha ikaharakishwa hadi 25, mwishoni mwa saa moja manukuu yatakuwa nyuma kwa dakika 2 na sekunde 24.

Mistari isizidi miwili, na herufi 42 kwa mstari zatosha. Ukate mstari pale mtu anapovuta pumzi, usiache "wa" au "ya" peke yake mwishoni.

Sasa nije kwenye linalonikaa moyoni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003, kifungu cha 39, ilizitaka televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Filamu kama yako haikutajwa humo. Lakini kiziwi wa huko kwenu Kajiado ana haki ya kujua kwamba ng'ombe amelia kabla mnunuzi hajageuka. Kwa hiyo andika [ng'ombe analia], andika [honi ya lori], na msemaji asipoonekana, taja ni nani.

Tena kumbuka jambo ambalo wengi wetu tunaosikia hatulifikirii. Katika mitihani yetu, mwanafunzi kiziwi huruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Wengi basi wamesoma Kiingereza darasani, Kiswahili hawakufundishwa. Manukuu ya Kiswahili peke yake yatawaacha nje watu wale wale unaowatafuta. Tengeneza faili mbili zenye muda mmoja, ya Kiswahili uipe alama ya sw na ya Kiingereza en, na kila moja uipakie chini ya lugha yake. Ya Kiingereza usiipunguze eti kwa kuwahurumia. Wape kila neno lililosemwa.

Ukishapakia, zima sauti utazame filamu yote, mwanzo hadi mwisho. Bora zaidi, mwombe kiziwi mmoja wa hapo Namanga atazame nawe, umlipe kwa muda wake, na pale atakapokunja uso usimamishe picha umuulize. Kisha nitumie faili zote mbili pamoja na filamu, nizipitie mstari kwa mstari kabla hamjaionyesha.

Nisalimie wote nyumbani.

Mjomba wako,
Kitengela