Dizeli wa Pili

Mimi ni mnazi wa mieleka tangu nikiwa darasa la tano, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wasomaji wa mashairi. Nasema mieleka ile ya Marekani, ya majitu yenye nywele ndefu na suruali za kubana, ambayo mshindi wake hupangwa kabla hata watu hawajakata tiketi. Hilo la kupangwa tulilijua mapema. Hata bibi yangu, aliyeiangalia mara moja tu kupitia dirishani kwa jirani, alisema, "Mtu kapigwa kiti cha chuma mgongoni na bado anapanga nywele? Hawa wana lao." Halikutupunguzia kitu.

Tulikulia Keko, Dar es Salaam, nyuma ya mafundi samani. Banda la video lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao za mabaki, kiingilio shilingi 50. Mwenye banda alipata mikanda yake kwa mabaharia na kwa watu waliotoka Dubai, na hakuipata kwa mpangilio. Wa mwaka 1995 ulitangulia, wa 1994 ukafuata miezi baadaye. Leo unamwona mtu ni bingwa, wiki ijayo ndiyo kwanza anauota ubingwa. Mtoto wa Marekani alijua kila Jumatatu nani kaingia kampuni hii na nani kaihama ile. Sisi habari hizo zilitufikia kama barua zilizoanguka njiani, zikaokotwa na mtu asiyejua kusoma. Basi tukabishana, na ubishi ndio ulikuwa utamu wenyewe.

Kila mmoja kijiweni alikuwa na jina lake la ulingoni. Palikuwa na Undertaker, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Baba yake hakujua jina hilo maana yake nini mpaka alipotafsiriwa kuwa ni mzika maiti, siku hiyo kijana akalala amechapwa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nikapewa 1-2-3 Kid, yule mwembamba aliyemwangusha Razor Ramon mwaka 1993 watu wakashika vichwa. Na palikuwa na Dizeli.

Kwa wasiomjua, Diesel wa WWF ni Kevin Nash. Alianza mwaka 1993 akiwa mlinzi wa Shawn Michaels, jitu la karibu futi 7, kizibao cha ngozi nyeusi, glavu nyeusi. Tarehe 26 Novemba 1994, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimpiga Bob Backlund kwa sekunde 8 akawa bingwa. Sekunde 8, bwana! Chai haijapoa. Akakaa na ubingwa karibu mwaka mzima.

Dizeli wetu alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa mrefu kupita milango ya Keko. Alisukuma mkokoteni, akipeleka marobota ya mitumba soko la Mchikichini, Ilala. Siku moja robota lilipofunguliwa mbele yake akaiona fulana nyeusi, imeandikwa DIESEL kifuani kwa herufi nyeupe. Akaikamata kabla wachuuzi hawajaigusa. Tajiri akamkata ujira wa siku mbili. Jioni ile aliingia nayo bandani, na nakuambia, hakuna bingwa aliyewahi kupokelewa vile. Tulipiga mabati mpaka mwenye banda akatishia kuzima jenereta.

Aliikata mikono ili ifanane na kizibao cha Diesel mwenyewe. Mama yake alimfokea, nguo nzima inakatwaje kama tambara, halafu usiku akaichukua akaipindia kingo za makwapa kwa mkono. Hakuwa na uzi mweusi, akatumia wa bluu.

Februari 1997 Dizeli aliniita pembeni, kwenye rundo la vumbi la mbao. "Mdogo wangu, mimi nazamia. Kuna meli." Akasema Durban kwanza, halafu Mungu anajua. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mererani kwenye mawe. Akaivua fulana. "Nitunzie hii. Kule baridi, na hii haina mikono." Akacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliona nimepewa cheo.

Kama miezi miwili baadaye ndipo ulipoingia bandani mkanda uliotuvuruga. Ulikuwa wa WCW, kampuni pinzani, Bash at the Beach, Daytona Beach, 7 Julai 1996. Razor Ramon yuko pale. Diesel yuko pale. Ila hawaitwi hivyo! Mtangazaji anasema Scott Hall, anasema Kevin Nash. Kisha Hulk Hogan, shujaa wa kila mtoto aliyewahi kunywa maziwa kwa matumaini ya misuli, akapanda ulingoni kama anakuja kuokoa, akamwangukia mwenzake Randy Savage kwa paja. Watazamaji kule walirusha vikombe na takataka mpaka ulingo ukajaa. Kwetu ilirushwa kandambili moja, ikaipata televisheni, na banda likafungwa siku hiyo.

Wengine waliondoka wanamlilia Hogan. Mimi niliondoka na swali la majina. Undertaker ndiye aliyekuwa anajua Kiingereza kidogo, akatueleza kwamba jina si la mtu, ni la kampuni. Tukamcheka. Mchezaji wa Simba akihamia Yanga anaacha jezi, lakini jina anaondoka nalo. Hata wakimzomea, watamzomea kwa jina lake. Inawezekanaje mtu aache jezi na jina vyote viwili? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Razor Ramon, yule Mkyuba wa Miami mwenye kijiti mdomoni, alikuwa mali ya WWF tangu mwaka 1992. Scott Hall alikuwa Mmarekani wa Maryland aliyeivaa mali hiyo kwa miaka minne. Alipohama akaendelea kutembea na kuongea kama Razor, na WWF ikakimbilia mahakamani mwaka huohuo wa 1996.

Tuseme ukweli, wale watatu walijua biashara. Waliunda kundi lao, nWo, na fulana yake nyeusi yenye herufi tatu nyeupe ikawa inaonekana kwenye kila mkanda, kwa watazamaji kuliko hata kwa wachezaji. Kwetu haikusubiri robota. Vijana walichukua fulana nyeusi yoyote, wakaomba rangi nyeupe kwa mafundi, wakachora wenyewe. Ukifua mara mbili herufi zinapasuka kama udongo wa kiangazi. Mmoja alikosea akaandika "wNo", akaivaa hivyohivyo mpaka ikachakaa.

Mkanda uliofuata ndio ninaotaka kuusema. Ulikuwa wa WWF tena, wa mwisho wa mwaka 1996. Mtangazaji anapiga kelele, Razor Ramon na Diesel wamerudi! Muziki ukapigwa, banda likasimama. Wakatoka watu wawili. Kizibao ndicho, glavu ndizo, kijiti mdomoni kipo. Sura siyo. Kampuni ilikuwa imechukua watu wengine, ikawavika majina. Aliyevishwa Diesel ni Glenn Jacobs, aliyevishwa Razor ni Mkanada, Rick Bognar. Watu wa kule waliwazomea. Sisi tulikaa kimya kwanza, kwa sababu wengine bado walikuwa wanahakikisha kama ni ubovu wa mkanda.

"Feki," akasema mwenye banda.

Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyostahili mtu kuwa nayo kwa habari za Marekani. Nilisema jina la mtu haliwezi kuvishwa mwingine. Nilisema mengi. Na wiki hiyohiyo kijiwe kikampa jina la Dizeli kijana mpya, mrefu, mwanagenzi wa useremala aliyetoka Lindi. Jumamosi tulikuwa tunapigana mieleka kwenye mchanga wa ujenzi, na bila Dizeli mchezo haukunoga. Wakaniambia lete fulana. Nikakataa. Wakaniambia basi 1-2-3 Kid akae nje, aangalie.

Nikaileta.

Ilikuwa ya siku moja tu, tulikubaliana. Ikawa ya wiki, ikawa ya mwezi, na mimi nikacheza kila Jumamosi.

Mwezi wa saba, jioni, mama yake Dizeli alikuwa kwenye foleni ya maji bombani. Dizeli wa pili alipita mbele, anatoka kazini, kibegi begani, mgongo wake mrefu na ile fulana. Mama alimwita. Alimwita kwa jina la nyumbani, ambalo silitaji hapa. Kijana hakugeuka, kwa nini ageuke, si jina lake. Mama akaacha ndoo akamfuata, anaita tena, na wanawake wa foleni, ambao wote walijua mtoto yuko Mererani, mmoja wao akapiga kigelegele. Wengine wakadakia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimeshika miwa miwili.

Kijana akageuka. Kigelegele kikakatika katikati.

Mama hakulia. Alimsogelea, akashika upindo wa kwapa, akautazama kwa karibu. "Uzi huu ni wangu," alisema. "Nani kakupa?" Yule kijana, maskini, hana kosa lolote, akanyoosha mkono kunionyesha.

Nilivuka barabara. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia hakwenda Mererani. Akauliza meli gani. Nikasema sijui. Akauliza tena, meli gani, kama mtu anayeuliza basi lipi lielekealo Tanga ili alifuate, na mimi kwa miezi yote mitano ile sikuwahi kujiuliza hiyo meli inaitwaje. Nilijua Kevin Nash aliondoka WWF mwezi gani. Nilijua sekunde 8. Meli iliyombeba rafiki yangu sikujua jina lake.

Dizeli wa pili alivua fulana palepale barabarani, akampa, akaenda zake kifua wazi.

Mieleka ya mchangani ilikufa yenyewe baada ya hapo. Ile ya mikandani niliendelea nayo, na naendelea. Nimeona WWF ikiinunua WCW mwaka 2001 na kurudisha ndani nusu ya watu iliowazomea. Nimeiona ikigeuka WWE mwaka 2002, baada ya kushindwa mahakamani na wahifadhi wa wanyamapori waliokuwa na herufi zilezile, yaani na yenyewe ikaonja kunyang'anywa jina. Glenn Jacobs aliyezomewa kwa kizibao cha mwenzake alipewa kinyago mwaka 1997, akaitwa Kane, akawa mkubwa kuliko wengi. Mwaka 2018 alichaguliwa meya wa Knox County kule Tennessee. Kevin Nash alirudi mwaka 2011 kwenye Royal Rumble, muziki wa Diesel ukapigwa na nywele zake zimepakwa rangi. Walipowaingiza kwenye Ukumbi wa Heshima, 2014 na 2015, Hall aliingia kama Razor Ramon, Nash akaingia kwa jina lake mwenyewe. Scott Hall alifariki 14 Machi 2022. Fulana zao bado zinauzwa.

Dizeli wa pili naye yupo. Ana karakana yake, anatengeneza vitanda, na wateja wake hawajui jina lingine. Mwaka jana niliagiza kabati kwake. Tulizungumza bei, tukazungumza mninga ulivyoadimika, hilo jingine hatukuligusa.

Wa kwanza alipiga simu mwaka 2004, kwa jirani mwenye simu ya mkononi. Alikuwa amefika mbali kuliko Durban. Mimi nilipewa dakika moja. Sauti ilikuwa nene kidogo. Nikamwita Dizeli, akacheka, akasema huku wananijua kwa jina lingine, la kwenye makaratasi, na nchi nyingine pia, usije ukaniandikia barua kwa jina la nyumbani utaniponza. Nikataka kumwambia habari ya fulana. Nikamwuliza hali ya hewa.

Mama yake sasa ni mtu mzima sana. Nikienda Keko napita kumsalimu, na siku hizi huitikia marahaba. Fulana anayo, hakuiweka sandukuni kama nilivyodhani. Huivaa juu ya gauni asubuhi akifagia uwanja, inamfika magotini. Juzi niliitazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nimeshaona fulana nyingi za mieleka tangu wakati ule, na herufi zile hazifanani na za WWF hata kidogo. Nadhani ni ya ile kampuni ya Italia inayotengeneza suruali za jinzi. Herufi ya kwanza imeshabanduka. Uzi wa bluu bado haujatoka.