Kutisha Bila Damu

Katika mpango wake wa kwanza, mwanafunzi aliifungua filamu yake ya kutisha kwa kisu na mayowe, kasoro ya wanagenzi wengi. Kisha akakumbuka kuwa damu ya rangi huchekesha, na kicheko cha hadhira ndicho alichokihofia kuliko yote. Akarejea Night of the Living Dead ya George Romero (1968). Humo kaka na dada wanazuru kaburi la baba yao. Giza halijaingia, kaka anafanya mzaha, na kwa mbali nyuma yao mtu anajikokota miongoni mwa makaburi. Mtazamaji anamwona, ila hamshuku. Taharuki imekwisha kupandwa. Mpango mpya ni mfupi: mama anaanua nguo uani, upepo unavuma, shuka moja haitikisiki. Mama haitazami. Kamera nayo, kwa busara, haiisogelei.