Rahisi Huwa Ghali

Vidole vya mama vimekakamaa kwa baridi yabisi, na sufuria za nyumba yetu hapa Mombasa hazipungui. Fedha nilizodunduliza ili nichapishe diwani yangu nikazielekeza kwenye mashine ya kuoshea vyombo.

Dukani kila mashine ilinadiwa kwa wingi wa programu zake. Nikakumbuka kwamba shairi halipimwi kwa wingi wa beti. Nikauliza matatu: vipuri vyapatikana mjini? Fundi yupo? Chujio lafunguka kwa mkono? La nne nililiongeza kwa ajili ya kisima chetu: je, ina tangi la chumvi ya kulainishia maji? Maji ya visima vya pwani, yapitayo katika miamba ya matumbawe, hubeba chokaa; nayo chokaa huacha ukungu kwenye gilasi na kuziba matundu yarushayo maji. Mashine ya bei ya chini kabisa haikuwa na tangi hilo. Nikaiacha, nikachukua ya kadiri, yenye programu chache.

Mama aliitazama, akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa mimi nitafanya nini?"

Wahenga walinena, "Mwosha huoshwa," wakikusudia maiti. Mimi nataka methali hiyo imfikie mama angali hai.

"Utanisahihishia vina, mama," nikamjibu.

Alicheka. Hata hivyo, kikombe chake cha kahawa bado hukiosha kwa mkono. Diwani nayo yasubiri.