Shangazi, mbwa wake na foleni ya Mickey

Nimekuwa kimya wiki tatu nzima, na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama mhariri kanifukuza. Hapana wadau, kibarua bado ninacho. Nilikuwa Marekani kwenye kozi fupi ya waandishi wa habari, na kabla ya kurudi Bongo nikapitia Florida kumwona Shangazi. Habari za kozi zitakuja siku yake. Leo nataka kuzungumzia mbwa.

Ndiyo, mbwa. Tulieni.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Aliondoka Tanga zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwenda kusomea uuguzi, akafanya kazi wodini mpaka ugonjwa wa neva ulipomwingia miguuni. Anasema hauumi sana, ila mwili unayumba bila taarifa. Anaweza kuwa jikoni anakata kitunguu, mara yuko sakafuni. Alijaribu fimbo, akaanguka nayo. Miaka minne iliyopita akapata mbwa.

Tangu hapo hajaja nyumbani. Na ukoo wetu ni wa Ngamiani, watu wa swala tano na udhu usiochezewa. Hukumu ilitoka mapema: kachagua mbwa, kamwacha mama yake. Bibi yupo, lakini umri umekwenda, na kila Idi anauliza kama mwanawe anakuja. Hakuna anayemjibu sawasawa. Kwa hiyo safari yangu ilikuwa na agizo ndani yake. Baba alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege akasema, "Kamwone dada yangu." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na sahani utakayolia, ioshe mwenyewe."

Sasa huyo mbwa. Mbwa ninaowajua mimi ni wa aina mbili. Kuna wale wa jalalani, ambao utotoni tulikuwa tunarushiana nao, sisi mawe, wao meno. Halafu kuna wale wa Masaki na Oysterbay ambao huwaoni kabisa, unawajua kwa kibao cha getini: MBWA MKALI. Huyu hayumo katika makundi hayo. Ni Great Dane. Dume la aina hii hufika sentimita 76 hadi 81 begani, na kilo 64 hadi 79. Mwenzenu nina kilo 61 nikiwa nimeshiba.

Jina lake siliandiki, kwa sababu hata pale nyumbani niliambiwa nisilitumie. Akivaa mkanda wake wa kazi haitwi na mtu isipokuwa Shangazi, hapapaswi wala hapewi chakula na mtu mwingine. Mkanda wenyewe uko mgongoni na una mpini mgumu, na Shangazi anatembea ameushika. Akianza kuyumba, mbwa anasimama imara kama nguzo ya nyumba mpaka mwenyewe arudi sawa. Ndiyo maana lazima awe mkubwa. Kambwa kadogo kangekanyagwa siku ya kwanza.

Jumamosi Shangazi alikuwa na ahadi kwa wajukuu wake wawili: Magic Kingdom, ile bustani ya Disney karibu na Orlando iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Mama yao alikuwa kazini, kwa hiyo tukaenda wanne na mbwa wa tano. Gari unaliacha mbali, halafu unavuka ziwa kwa pantoni. Nasema pantoni kwa sababu ni pantoni kweli, unasimama na kubanana kama unatoka Magogoni kwenda Kigamboni. Kilichokosekana ni muuza karanga.

Nilipoona geti nikaanza kujiandaa. Mimi ni mwandishi, mzozo naunusa kabla haujafika. Nilitegemea tutawekwa pembeni, tuambiwe tusubiri bosi, bosi aje na simu sikioni. Kijana wa getini aliuliza mambo mawili tu: kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Shangazi akajibu, "Ndiyo. Ananizuia nisianguke." Kijana akasema karibuni. Hata dakika haikuisha.

"Shangazi, mbona hakuomba kitambulisho?"

"Haruhusiwi, baba."

Nikaenda kuichimba baadaye, maana ndiyo kazi yangu. Marekani wana sheria ya watu wenye ulemavu iliyosainiwa na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Kanuni zake zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zinasema mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. (Vifarasi vidogo navyo vina kifungu chao, msicheke.) Mbwa ambaye kazi yake ni kumliwaza tu mwenyewe hahesabiki. Mwenye geti, kama ulemavu hauonekani wazi, anaruhusiwa kuuliza maswali yale mawili basi. Haombi karatasi, haulizi unaumwa nini, na hasemi "hebu mwambie afanye tuone". Lakini mbwa akifanya fujo na mwenyewe akashindwa kumtuliza, au akijisaidia ovyo, anaweza kutolewa. Haki iko upande huu na wajibu upande ule.

Nikauliza habari za matapeli, maana mimi ni Mbongo. Wapo. Siku hiyo hiyo tulikiona kijibwa ndani ya kigari cha mtoto kimevalishwa koti la kazi, kinambwekea kila apitaye mpaka anayeuza maputo. Shangazi akatikisa kichwa. Kumsingizia mbwa wa nyumbani kuwa ni wa huduma ni kosa la jinai Florida, kwa sheria ya mwaka 2015. Yeye alisema kwa hasira kidogo, "Kile kikimng'ata mtu, mimi ndiye nitakayetazamwa vibaya kesho."

Ndani, siku ilikwenda polepole. Lami ya Florida mchana inaunguza, kwa hiyo mbwa alivalishwa viatu vinne, na wajukuu waligombea nani avalishe kipi. Kuna sehemu zilizotengwa kwa ajili ya mbwa wa huduma kujisaidia, na ramani inazionyesha. Kila baada ya muda Shangazi alitafuta kivuli, mbwa akanywa maji, naye akakaa. Watu walikuwa wanatupisha njia kama msafara wa waziri.

Tulipanda mashua ya it's a small world, ile yenye midoli ya watoto wa dunia nzima. Nilikuwa na hakika tutazama. Mbwa akaingia mguu mmoja mmoja, akajikunja miguuni pa Shangazi, akalala usingizi na midoli yote ile ikimwimbia. Baadaye tukakutana na Pluto, mbwa wa Mickey. Mbwa wetu akamtazama juu mpaka chini, akamgeukia Shangazi kama anayeuliza, "Na huyu naye yuko kazini?" Foleni nzima ilivunjika mbavu.

Space Mountain ndiyo alikataliwa. Ni treni la kukimbia gizani, limekuwapo tangu Januari 1975, na mbwa wa huduma hawaruhusiwi kulipanda kwa usalama wao wenyewe. Wafanyakazi nao hawaruhusiwi kukushikia mbwa. Kwa hiyo wanao utaratibu: mtu mzima mmoja anapanda na watoto, mwingine anabaki na mbwa, halafu wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Shangazi hakutaka kubadilishana. Nilipotoka nikitetemeka magoti, mjukuu mdogo akaniambia niushike ule mpini.

Sasa niwape mambo mawili niliyorudi nayo moyoni.

La kwanza ni la gwaride. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara, akaja baba mmoja na binti yake mdogo anayelia, anaogopa mbwa. Yule baba akamwambia mfanyakazi kwa sauti kwamba mnyama kama yule aondolewe. Mtoto alikuwa anaogopa kweli, na mimi, mtoto wa Ngamiani, nilimwelewa kabisa. Mfanyakazi hakumgombeza na hakumhamisha Shangazi. Kule hofu au mzio wa mtu mwingine si sababu ya kumnyima mwenye mbwa nafasi yake, mnatafutiwa namna ya kukaa wote. Akaipeleka ile familia sehemu nyingine ya mbele, wakaona gwaride vizuri tu, na sisi tukaona.

La pili lilitokea gwaride lilipokwisha. Umati uliinuka kwa pamoja. Mtu mmoja akampiga kikumbo Shangazi bila kukusudia, na nikaona goti lake linakubali. Nilikuwa hatua tatu nyuma, nimebeba mabegi. Nisingefika. Mbwa alitanua miguu ya mbele, akakaza mgongo, na Shangazi akabaki ananing'inia kwenye mpini, kisha akasimama. Sekunde mbili. Umati uliendelea kupita, na Shangazi akaendelea na maneno aliyokuwa anayasema kuhusu bei ya maji ya chupa.

Tukakaa kwenye benchi. Hapo ndipo nilipomuuliza la Tanga.

Alicheka kwanza. "Mnadhani sitaki?" Kisha akanihesabia kwa vidole. Ndege kwanza: kwa kanuni za Marekani zilizoanza Januari 2021, shirika linaweza kudai mbwa wa huduma aenee kwenye nafasi ya miguu ya abiria wake. Huyu haenei hata kwenye kochi. Tuseme amefika Dar es Salaam. Teksi gani itampakia? Hoteli gani itampokea? Basi la Tanga je? Na pale nyumbani, atawekwa wapi, nani atakula chakula alichokipika yeye? "Huko kila mlango nitaanza kuomba," alisema. "Na mimi, baba, nimechoka kuomba."

Kuhusu dini, hakuna lililompita. Mbwa haingii chumba anachoswalia, na nguo za swala ziko kabatini mwake humo humo. Alimwendea shehe wa msikiti wa kule. Shehe alimkumbusha kwamba mbwa aliyefundishwa kuwinda ametajwa katika Kurani, na kwamba kufuga mbwa kwa haja ya kweli si sawa na kufuga kwa fahari. Sisi wa pwani ni Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa Maliki mbwa ni tohara. "Mimi Shafii," alisema Shangazi. "Ninaosha. Kuosha naweza. Kuanguka ndiko siwezi tena."

Wadau, nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Huyu mbwa wa kumwongoza mtu si jambo la jana. Wajerumani walifungua shule ya mbwa wa askari waliopofuka vitani huko Oldenburg mwaka 1916. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy, waandishi wa habari wa New York wakamtaka avuke barabara iliyofurika magari. Akavuka. Mwaka uliofuata ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ya mbwa hao. Lakini milango ya mabasi na migahawa haikufunguka kwa sababu Buddy alikuwa mbwa mzuri. Ilichukua miongo ya kudai, na sheria.

Nasi hatuna upungufu wa huruma. Shangazi akianguka Barabara ya Ishirini, watakuja watu kumi kumwinua, mmoja na maji, mwingine na kiti. Ila huruma inakuja baada ya mtu kuanguka, na huruma inachoka. Yule kijana wa getini pengine anachukia mbwa, sijui. Alijua maswali mawili na alijua jibu likiwa hivi, mlango unafunguka. Sisi tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayozungumzia haki ya kufika na kuhudumiwa kama wengine. Muulizeni konda yeyote wa daladala kama amewahi kusikia habari zake. Mimi nimeanza kuwauliza tangu Jumatatu, na stori hiyo naiandikia gazeti.

Baba nilimpigia usiku ule ule wa Jumamosi. Nilimsimulia zile sekunde mbili tu, sikuongeza hadithi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza anakula nini. Nikamwambia. Akauliza kama anabweka usiku. Nikamwambia sijamsikia hata mara moja.

"Kile chumba cha uani," akasema, "kile tunachowekea mkaa. Mlango wake una upana gani?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyeko nyumbani, achukue futi apime.