Injini Ikigoma Kuzimika Kilwa

Kwa wapendanao, safari ya boti kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni fupi, kama kilomita 2 tu. Lakini mkikaribia ufukwe, nahodha akabonyeza swichi na injini ya petroli ikaendelea kunguruma, msikurupuke kuruka majini. Propela haichagui mguu! Mara nyingi tatizo ni waya wa kuzimia, umeliwa na chumvi. Nahodha aweke gia frii, kisha achomoe mpira wa mafuta. Baada ya muda mfupi injini itakufa yenyewe. Asiguse waya wa plagi, una shoti. Ikinyamaza, shukeni taratibu, mmeshikana mikono. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, utawasubiri.